Injini Isiyopenda Polepole

Jumatatu, 14 Aprili
Mvua na baridi. Tope mpaka kizingitini. Mama alinilea na desturi ya kuandika hali ya hewa kila siku hata kama sina neno jingine, basi hiyo ndiyo hali ya hewa.

Leo neno jingine ninalo. Trekta letu la zamani limekufa. Elvin, mume wangu, alisahau kutoa maji ndani ya injini kabla ya ile baridi ya Machi, maji yakaganda, chuma kikapasuka ubavuni. Nilimpelekea chai bandani nikamkuta amekalia gurudumu kama mtu aliyefiwa.

Na huu ni mwaka wetu wa tatu. Baba mkwe wangu, Mzee Ezra, alitupa shamba hili la juu ya ziwa kwa sharti moja: tulime misimu mitatu, na vuli ya tatu ikionyesha kwamba linatulisha, atatuandikia liwe letu. Lisipotulisha, linakwenda kwa Nathan, mdogo wake Elvin, anayeoa mwakani. Mwaka wa kwanza tulipigwa na mvua ya mawe. Wa pili ulikuwa afadhali. Huu nina imani nao.

Rhoda, mtoto wetu mdogo, ameota jino.

Jumamosi, 19 Aprili
Mawingu. Mzee Ezra alikuja kuiona injini. Aliizunguka, akaigonga kwa fimbo.

"Ng'ombe akifa angalau tunakula nyama," alisema. "Hili tutalifanya supu?"

Elvin akacheka, lakini macho hayakucheka.

"Nitanunua jingine, Baba."

"Nunua. Ila usije ukaniletea kitoto cha trekta. Nikiona mwanaume amenunua kitrekta cha kukatia majani, najua anataka kulima bustani ya mkewe."

Nathan, aliyekuja naye, alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi niliingia ndani kuangalia mkate.

Alhamisi, 24 Aprili
Jua kidogo. Tulikwenda mjini kwa kigari cha farasi, maana kanisa letu halituruhusu kumiliki magari, watoto wote wawili, kwenye duka la matrekta. Muuzaji na fundi ni mtu mmoja, Curtis, Mwingereza, kama tunavyomwita kila asiye wa kanisa letu hata kama babu zake hawajawahi kuiona Uingereza.

Alituonyesha mawili yaliyosimama pamoja. Mwili mmoja, rangi moja, ungesema mapacha.

"Hili ni nguvu za farasi ishirini na nne na kitu," alisema. "Chini ya ishirini na tano serikali haina neno na moshi wake, kwa hiyo injini ni ya kizamani. Pampu, nozeli, kwisha. Hili jingine ni thelathini na saba, na mwaka huu wamelibadilisha injini. La zamani lilikuwa na tumbo kubwa. Hili tumbo limepungua, wakaliwekea turbo ya kulisukumia hewa, kompyuta inalipimia dizeli tone kwa tone, na moshi unapita kwenye chujio. Masizi yakijaa kwenye chujio, injini inayachoma yenyewe."

"Inachoma?" nikauliza.

"Masizi, mama. Sio nyumba." Akacheka. Kisha akamgeukia Elvin. "Kitu kimoja tu. Hii haipendi kazi za kubembeleza. Ukiiwasha, itumikishe. Ipate moto."

Elvin aliitikia kwa kichwa, lakini alishakaa juu ya lile kubwa, mikono kwenye usukani, na sura yake ilikuwa ya kijana niliyemwona mara ya kwanza kwenye kuimba kwa vijana Jumapili jioni. Sikuweza kuiharibu ile sura.

Njiani nikamwuliza, "Na lile dogo?"

"Dogo lingetosha kazi nyingi tu."

"Sasa?"

"Umemsikia Baba."

Jumanne, 6 Mei
Joto. Ivan mchomeleaji ametoa matairi ya mpira na kuweka magurudumu ya chuma, maana kwetu trekta ni la shamba, na chuma humkumbusha mtu asilipeleke mjini kama gari. Titus, mkubwa wetu, anasema linatembea kama bibi mwenye viatu vya mbao.

Jumamosi, 10 Mei
Shemasi Levi alipita. Magurudumu aliyasifu. Ila alipoona dashibodi inawaka, ile sehemu ya kioo yenye picha na namba zinazobadilika, alikaa kimya muda mrefu.

"Hicho ni nini, Elvin?"

"Kinaonyesha mafuta na joto tu, Levi."

"Leo mafuta na joto. Kesho vijana watataka kionyeshe nini?"

Hakutukataza. Kwetu kukatazwa hakuji mara moja, huanza na ukimya kama ule. Jioni Elvin alikata ngozi kwenye hatamu kuukuu, akaifunga juu ya kioo kwa kamba mbili. Aliikata vizuri, kingo amezipinda na kuzishona. Huwezi kumlaumu mtu anayeshona vizuri hivyo.

Alhamisi, 29 Mei
Sikukuu ya Kupaa. Hakuna kazi. Ukoo mzima ulikuja. Mzee Ezra alimpakata Rhoda mchana kutwa, hakutaka kumpa mtu. Siku kama ya leo ningeweza kumpenda bila kujilazimisha.

Jumatano, 4 Juni
Tumemaliza kupanda. Matikiti upande wa bwawa, pilipili hoho upande wa barabara, maboga nyuma. Trekta lilitandaza nailoni nyeusi na mipira ya matone chini yake, ile inayodondoshea kila shina maji, kwa siku mbili, kazi iliyokuwa ikituchukua wiki nzima. Elvin anapiga mluzi.

Jumanne, 17 Juni
Joto kali. Mvua hakuna tangu tumalize kupanda. Trekta limeshushwa bwawani, limeunganishwa na pampu, linasukuma maji kwenye mipira ya matone kuanzia asubuhi mpaka tunapokula cha jioni. Bwawa liko chini ya dirisha la chumba cha watoto. Rhoda anaumwa sikio. Analia mpaka sauti inakauka, na akisinzia tu, ule mngurumo unamwamsha.

Nilishuka nikamwambia Elvin, "Huwezi kulipunguza kidogo?"

"Matone hayataki maji ya nguvu. Naweza kulipunguza sana."

Akalipunguza mpaka likawa linanong'ona. Rhoda akalala. Nilikaa kitandani nikamtazama anavyopumua, nikamshukuru Mungu kwa mume anayesikia.

Jumatatu, 30 Juni
Hakuna mvua. Trekta linanong'ona bwawani.

Alhamisi, 3 Julai
Hakuna mvua.

Jumanne, 8 Julai
Hakuna mvua. Majani ya kando ya bwawa yamekuwa rangi ya mkate.

Rhoda alikuwa na homa tangu Jumapili. Leo mchana ndiyo kwanza alipata usingizi wa kweli. Elvin alifunua ngozi atazame mafuta, akaniita kwa mkono dirishani. Taa ya njano ilikuwa imewaka, picha kama bomba linalotoa vumbi. Alipiga simu dukani, msichana akamwambia abonyeze kitufe cha kuchoma masizi, asogeze trekta mbali na majani makavu, asilizime mpaka limalize lenyewe.

Akalisogeza kwenye changarawe, chini kabisa ya dirisha, maana kwingine kote ni majani. Akabonyeza.

Injini ikapanda yenyewe, hakuna mtu aliyegusa kitu. Ilinguruma kama inapanda mlima. Bomba likatoa hewa ya moto na harufu kama pasi iliyosahauliwa kwenye nguo. Rhoda aliruka kitandani akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia. Nilitoka naye mkononi, bila viatu.

"Zima! Elvin, zima!"

"Wamesema lisizimwe—"

"Mtoto huyu! Mwangalie! Zima!"

Akazima. Kimya kikawa kikubwa mpaka masikio yakaniuma.

"Tutamalizia siku nyingine," alisema, na akaifunga ngozi.

Jumanne, 15 Julai
Hakuna mvua. Rhoda amepona sikio. Ile siku nyingine haijapatikana. Kukicha kuna maji ya kusukuma, na asubuhi analiendesha trekta polepole kwa mazoea, hata bila mimi kumwomba.

Jumatatu, 21 Julai
Trekta limegoma. Linawaka, ila halina nguvu ya kuzungusha hata pampu. Elvin amelizunguka siku nzima. Mchana majani ya matikiti yalikunjamana kama viganja vya mzee.

Jumanne, 22 Julai
Curtis alikuja na kompyuta yake, akaichomeka. Kabla ya hapo alisimama mbele ya dashibodi.

"Na hii ni nini?"

"Ngozi," Elvin akasema.

"Naona ni ngozi, ndugu yangu. Inafanya nini hapa?"

Curtis akaifungua. Taa ilikuwa nyekundu. Alisoma kompyuta, akajipangusa shingo.

"Imeomba kujisafisha mara nyingi mno. Mara moja mkaikubalia, halafu ikazimwa katikati. Mnaiendesha mwendo gani hapa?"

"Polepole. Ni matone tu."

"Kutwa?"

"Kutwa."

"Elvin, lile dogo lingenong'ona hapa mpaka Yesu arudi na lisikuulize kitu. Hii ikiendeshwa polepole haipati moto, isipopata moto masizi hayaungui. Sasa chujio limeziba na kupasuka. Hakuna kuchoma tena. Ni kubadilisha."

"Waranti? Hamtatubadilishia bure?"

Curtis alitazama magurudumu ya chuma, akatazama ngozi iliyokuwa mkononi mwake. Hakuhitaji kusema kwamba tumeipoteza.

"Mbona hukutuambia?" nikamwuliza. Nilikuwa na hasira.

"Nilisema, mama," alijibu, kwa upole kabisa. Na ni kweli alisema.

Chujio halipo dukani wala kwenye bohari lao. Linatoka ng'ambo. Curtis hajui ni lini.

Nimeandika mengi leo. Sitaki kuacha kuandika, maana nikiacha nitaanza kufikiri. Elvin hajaniambia neno hata moja kuhusu ile siku ya yowe. Hata jicho hajanitupia. Ningependa anitupie.

Alhamisi, 24 Julai
Hakuna mvua. Tumejaribu kukodi trekta, lakini kila mwenye trekta yuko bwawani kwake. Tunateka kwa ndoo.

Jumamosi, 2 Agosti
Hakuna mvua. Mzee Ezra alifika kabla ya kupambazuka vizuri na farasi wake wanne na tangi la maji nyuma. Hakubisha hodi. Niliwasikia farasi tu. Nathan alikuja naye. Tulijaza bwawani, tukapita mistari, kikopo kwa kila shina. Mzee ana miaka sabini na moja na alikuwa akiinama na kuinuka pamoja nasi.

Saa sita tulikaa kwenye kivuli cha tangi, mkate na chai baridi ya mnanaa. Hapo ndipo aliposema.

"Machi ulisahau maji ndani ya injini. Julai umesahau masizi. Nikikupa shamba, Elvin, utasahau nini?"

Elvin alitazama chini. Alikuwa anaupapasa mkate wake kama anautafutia mfupa. Huwa hasemi. Nikasikia sauti inanitoka kabla sijaipa ruhusa.

"Baba, la masizi si lake."

"La nani?"

"Langu. Mimi ndiye niliyemwomba alipunguze. Na siku lilipokuwa linajisafisha, mimi ndiye niliyemwambia azime. Alitaka kuliacha."

"Kwa nini?"

"Rhoda alikuwa analia."

Mzee alitafuna kwa muda. "Kwa hiyo ni mtoto aliyeziba injini," alisema.

Nathan alianza kucheka, akaona hakuna mwenzake, akaacha.

"Na lile dogo ndilo tungenunua," nikasema. "Curtis alituonyesha. Elvin alijua linatosha. Lakini nyinyi mlisema ni la bustani ya mke."

"Binti, nilikuwa natania."

"Yeye hajui mkiwa mnatania, Baba. Hajawahi kujua."

Farasi mmoja alipiga kwato. Mzee Ezra akainuka taratibu, akaenda kuwanywesha, na alikaa huko muda mrefu kuliko kiu ya farasi wanne. Wakati wa kuondoka aliniambia mimi, si Elvin, "Jumatatu tutakuja mapema zaidi."

Jumanne, 12 Agosti
Hakuna mvua. Mzee yuko hapa kila siku ya kazi. Yeye na Elvin wanapita mistari inayopakana, na hawaongei, lakini nimegundua wanainama kwa pamoja na kuinuka kwa pamoja, kama watu waliofundishwa na mtu mmoja. Nilikuwa nikidhani Elvin amefanana na mama yake.

Matikiti ya upande wa juu tumeyaacha. Tunaokoa ya chini na hoho.

Jumatano, 20 Agosti
Chujio limefika asubuhi. Mvua imefika mchana.

Curtis alilifunga chujio huku maji yanamtiririka mgongoni. Injini iliwaka mara moja, ikanguruma vizuri kabisa, ikiwa na nguvu zake zote, na hapakuwa na kitu cha kusukuma. Elvin alisimama mvuani mpaka nikamfuata na koti.

Ijumaa, 5 Septemba
Mvua bado. Matikiti yaliyobaki yamenywa ghafla yakapasuka. Nguruwe wanashiba.

Jumanne, 16 Septemba
Mnadani na hoho. Ndogo, zimejipinda. Mnunuzi mmoja aliziita vidole.

Alhamisi, 9 Oktoba
Baridi kali ya kwanza. Asubuhi maboga yalikuwa meupe kama yamepakwa unga. Hayo ndiyo yaliyotufaa mwaka huu, maboga.

Jumamosi, 11 Oktoba
Jua, upepo. Mzee Ezra alikuja peke yake kwa miguu. Alivua kofia mlangoni, na alipoivua nilijua. Nilimpa kahawa na kipande cha pai ya maboga. Hakukigusa.

"Shamba halikuwalisha," alisema.

"Ndiyo, Baba," akasema Elvin.

"Nathan ataingia baada ya Krismasi. Mjomba wenu wa kule jimbo la Kentucky anataka mtu wa kumsaidia kujenga vibanda, na nyumba ipo. Nimeshazungumza naye."

"Ndiyo, Baba."

"Nikiwapa kwa huruma, Nathan atauliza neno langu lilikuwa na kazi gani. Na atakuwa na haki ya kuuliza."

Elvin akaitikia kwa kichwa. Niliona anaelewa, na hilo liliniuma kuliko kama angebisha. Mimi sikuelewa. Niliosha sahani iliyokuwa safi.

Kisha Mzee akanigeukia. "Ule utani wangu. Nimeufikiria."

"Ndiyo, Baba."

"Haukuwa wangu. Baba yangu aliniambia vilevile, neno kwa neno, nilipokwenda kununua trekta la kwanza. Nikanunua kubwa." Aligeuza kofia mikononi. "Siku hizo kubwa lilivumilia. Ungeliendesha upendavyo. Ungelisahau usiku kucha linanguruma, asubuhi unalikuta linakungoja. Sikujua kwamba wameyabadilisha kiasi hicho."

Nilitaka kumchukia. Nilijaribu kwa dhati. Lakini nilikuwa nimeuona mgongo wake Agosti yote ukiinama kwenye mistari yangu, na alijua tangu siku ya kwanza kwamba kazi ile haitatosha, na bado alikuja.

Jumatatu, 3 Novemba
Theluji nyepesi, haikukaa. Nathan aliomba Elvin aende naye dukani kuchagua trekta. Alikuwa mwekundu mpaka shingoni akiomba. Nilikwenda pia, nikidhani Elvin atahitaji mtu. Hakuhitaji.

Curtis amelichukua letu. Litauzwa kwa mtu wa kusukuma theluji na kazi nzito, amesema, litafurahi. Nathan alikuwa ameshaanza kulizunguka kubwa jipya.

"Kazi yako kubwa itakuwa pampu?" Elvin akamwuliza.

"Nadhani. Kama ninyi."

"Basi njoo huku." Akamvuta kwa mkono wa koti mpaka kwa lile dogo. "Hili."

"Watu watanicheka, Elvin."

"Nani? Baba? Ameshaacha."

Nathan alinitazama, nami nikaitikia kwa kichwa. Curtis akatuambia tusichelewe, maana mwakani hata hilo dogo litabadilishwa injini, na yeye mwenyewe hajui wataweka nini. Hilo ni la mwisho la aina yake dukani.

"Chukua," Elvin alimwambia mdogo wake. "Na chochote kitakachowaka mbele yako, usikifunike. Nitazungumza na Levi kabla sijaondoka."

Kisha alimweleza mambo ya bwawa, sehemu gani ina kina, mpira upi unavuja. Alieleza yote, bila kubana hata kimoja. Nilimwangalia mume wangu akimgawia mtu mwingine shamba letu kwa mdomo wake, kwa ukarimu, na nikajua kwamba niliolewa na mtu niliyekuwa simjui bado.

Jumamosi, 22 Novemba
Mawingu, upepo kutoka ziwani. Dereva wa Kiingereza amekwishafika na gari, vitu viko ndani. Naandikia kwenye magoti, meza imeshapakiwa.

Titus aliniuliza nikimvalisha viatu, "Kentucky kuna bwawa?"

"Kwa mjomba hakuna."

"Sasa matikiti yatakunywa wapi?"

"Hatutakuwa na matikiti, mwanangu. Baba atakuwa anajenga vibanda."

Alifikiri, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. "Tupande machache tu," akasema. "Nitayabebea kwa kikombe."

Elvin alikuwa mlangoni na boksi la mwisho, akasikia. Aliliweka chini. Akavuka uwanja mpaka bandani, akakaa huko kidogo, akatoka na kopo la mbegu za matikiti, lile tulilokubaliana kumwachia Nathan. Alilisukuma chini ya kiti changu garini, akaenda kumchukua Rhoda.